Mume wa Upande wa Iowa

Jumanne moja ya Oktoba, saa kumi na moja na nusu jioni, Orrin Pruett alikuwa jikoni akimenya viazi wakati Verlin Kemper alipoingia kwa mlango wa nyuma, akakung'uta buti zake kwenye mkeka, akatundika kofia yake msumarini. Verlin alikuwa amezikwa siku kumi na moja zilizopita.

Hilo halikumshtua Orrin. Kule kaskazini mwa jimbo la Missouri wafu hurudi jioni kama watu wanaotoka kazini. Mama yake Doyle Ratliff, jirani wa shamba la pili, alikuwa akija kila Ijumaa kupanga upya sahani za mkwewe, na mkwewe alishazoea kuzirudisha Jumamosi. Orrin alikuwa akimngoja mtu wake. Kila siku aliongeza viazi viwili.

Verlin alimtazama kwa adabu.

"Habari za jioni, bwana. Nadine ndiye aliyekuajiri?"

Nadine alikuwa dada yake Verlin.

"Verlin," Orrin alisema. "Ni mimi."

"Sawa, sawa. Karibu. Usisimame kwa ajili yangu."

Akala viazi, akasifu chumvi, akamuuliza Orrin anatokea wapi na kama huko mvua imenyesha vya kutosha. Giza lilipoingia alivaa kofia yake, akaaga na kutoka. Orrin alibaki mezani na kisu mkononi. Walikuwa wameishi kwenye nyumba ile miaka thelathini na moja, Verlin akikamua ng'ombe, Orrin akiendesha basi la shule. Miaka mitatu nyuma walikuwa wamevuka mpaka kwenda jimbo jirani la Iowa, ambako sheria ilikuwa imeruhusu wanaume wawili kuoana, wakaoana mbele ya hakimu mwanamke aliyekuwa na mafua, wakala pai ya cheri, wakawahi kurudi kabla ya saa ya kukamua. Verlin hakuandika wosia. Alisema cheti kinatosha.

Jumatano asubuhi Orrin alikwenda ofisi ya vizazi na vifo. Karani alikuwa Twyla Boggs, ambaye utotoni alipanda basi la Orrin miaka minane na kutapika ndani yake mara mbili.

"Hanijui," Orrin alimwambia.

Twyla akafungua faili. "Nilihofia hivyo. Tazama hapa, Mzee Orrin. Hali ya ndoa: hajawahi kuoa. Wafu wanajua yaliyoandikwa tu. Sisi wazima ndio tunaobisha."

Orrin akatoa cheti cha Iowa kwenye bahasha, akakilaza juu ya kaunta na kukinyoosha kwa kiganja.

"Kizuri," Twyla alisema. "Hata muhuri wao ni mzuri kuliko wetu. Lakini huku hakisomeki."

"Leseni yangu ya udereva inasomeka Iowa."

"Leseni, ndiyo."

"Mpwa wako Travis alioa Las Vegas, amelewa, na mwanamke aliyemjua siku mbili. Mbona ile inasomeka?"

"Ile inasomeka," Twyla alikubali. "Familia nzima iliomba isisomeke." Hakucheka, na Orrin hakucheka. "Nikibadilisha neno moja hapa, kesho kiti hiki anakalia mwingine, naye atalirudisha. Unanielewa, Mzee?"

"Twyla, aliniuliza natokea wapi."

Karani akaangalia mlango, kisha akainama juu ya kaunta. "Upande wa pili wa mpaka karatasi yako ni nzima. Mngoje huko."

Jioni hiyohiyo Orrin aliendesha gari lake la mizigo kuelekea kaskazini, akapita kibao cha mpaka, akasimama kwenye uwanja wa kituo cha mafuta kilichofungwa zamani. Jua lilipogusa mahindi makavu mlango wa abiria ulifunguliwa bila kubishwa, Verlin akaingia na kupandisha miguu yake juu ya dashibodi, jambo ambalo Orrin alikuwa amelikataza tangu walipofahamiana.

"Umechelewa, Dereva. Ng'ombe umewakamua au wanalia?"

Orrin alishika goti la Verlin. Lilikuwa la baridi, lakini lilikuwa lenyewe.

"Ng'ombe amewachukua Doyle," alisema baadaye.

"Doyle! Huyo hajui hata kukamua chai kwenye majani yake. Haya, washa gari twende nyumbani."

Orrin akawasha. Njiani Verlin alisema hospitalini walimpa kitanda kibaya, na kwamba alimwita Orrin usiku kucha, nesi akamwambia ndugu tu ndio wanaoruhusiwa. "Nikamwambia, nesi, huyo ninayemwita ndiye—"

Wakapita kibao cha mpaka. Verlin akashusha miguu kutoka kwenye dashibodi, akasogea mpaka bega lake likagusa mlango.

"Asante kwa lifti, bwana," alisema. "Niteremshe popote, nisikupotezee muda."

Orrin aligeuza gari palepale katikati ya barabara. Walipovuka kurudi kaskazini Verlin akapandisha miguu yake. "—mume wangu," alisema. "Nesi akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaondoka. Mbona tumegeuka?"

Kwa wiki mbili Orrin alijaribu kumpitisha. Alijaribu barabara ya changarawe iliyopita nyuma ya kanisa la Kimethodisti, ambako hapakuwa na kibao. Alijaribu kwenda kasi. Alijaribu kumshika mkono kwa nguvu, na kila mara, mahali palepale, Verlin aliutoa mkono wake polepole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni. Jioni ya mwisho Orrin alisimamisha gari, akaweka paji la uso juu ya usukani na kupiga kelele mpaka sauti ikakauka. Verlin, kwa kuwa walikuwa wameshavuka upande wa Missouri, alimpigapiga bega na kumuuliza kama kuna mtu wa familia anayeweza kuitwa.

Baada ya hapo Orrin akaenda kwa Nadine. Nadine alikuwa mwanamke mnyoofu aliyemletea Orrin tambi na nyama ya ng'ombe siku tatu mfululizo baada ya mazishi. Shamba lilikuwa lake sasa, na nyumba, kwa kuwa marehemu hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa amempa Orrin mpaka Aprili.

"Sitaki shamba," Orrin alisema. "Nataka saini yako. Nimhamishe, nikamzike Iowa. Mwenye makaburi anasema lazima ndugu wa karibu akubali."

"Mama amelala hapa, Orrin. Baba amelala hapa."

"Hanijui, Nadine. Anakula chakula changu, halafu ananiuliza jina."

Nadine akakunja kitambaa cha mezani mara mbili, akakikunjua. "Kwangu anakuja Jumapili," alisema. "Ananichekesha kama zamani. Nikimpeleka Iowa, Jumapili mimi nitakaa na nani?"

Orrin akapiga magoti kwenye zulia. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na magoti yalilia. Nadine akaanza kutokwa na machozi, akamwomba ainuke, akasema hana ubaya naye hata kidogo na wala hakutunga yeye hizo sheria. Hakuweka saini. Wakati Orrin anatoka alimfungia pai iliyobaki kwenye karatasi.

Kwa hiyo Orrin akawa anakwenda kituo cha mafuta kila jioni isipokuwa Jumapili. Walikaa garini na chupa ya kahawa mpaka giza liingie, Verlin akimlaumu Doyle, Orrin akisikiliza. Hakumwambia habari za Aprili. Verlin alipouliza kwa nini hawaendi nyumbani, Orrin alisema barabara inatengenezwa. Verlin alisema serikali ya Missouri ikianza kitu haimalizi.

Januari ilileta theluji ya siku tatu. Barabara ya kaskazini ilifungwa, na gari lilizama mpaka madirishani. Siku ya kwanza Orrin alijaribu kwenda kwa miguu, akaanguka kwenye uzio wa Doyle, na Doyle akamrudisha kwa trekta bila kumuuliza lolote. Siku ya pili, saa kumi na moja jioni, mlango wa nyuma ulifunguka. Verlin akakung'uta buti, akatundika kofia.

"Bado uko, bwana? Vizuri. Hali hii si ya kusafiri."

Orrin akapakua supu ya maharage. Wakala. Upepo ulikuwa ukisukuma dirisha.

"Dada yangu anasema utahama masika," Verlin alisema. "Una pa kwenda?"

"Bado."

"Huna mke?"

"Nilikuwa na mume."

Verlin akatafuna taratibu, akitafakari. Hakuonekana kukerwa. "Yuko wapi sasa?"

"Iowa."

"Aa." Akachovya mkate kwenye supu. "Si mbali. Kukiwa kweupe unaweza kupaona ukipanda ghalani. Hawezi kuja huku?"

"Hawezi."

"Basi hiyo ni shida," Verlin alisema kwa huruma ya kweli, akamsogezea siagi. "Kaa hapa mpaka barabara ifunguke. Mimi huwa sipokei wapangaji, lakini wewe hunisumbui. Chumba cha wageni kiko juu, mkono wa kulia. Kitanda chake kina baridi, chukua blanketi la ziada."

Orrin akasema asante. Akaosha bakuli zote mbili na kuzifuta, akachukua blanketi, akapanda ngazi. Juu, chumba chao cha miaka thelathini na moja kilikuwa kushoto; aligeuka kulia.