Fedha Chini ya Dhahabu

Rosebella aliiweka kalamu juu ya kaunta ya kioo lakini hakuiachia. Alitaka kujua jambo moja tu kabla ya Jumamosi: chini ya dhahabu iliyoifunika kulikuwa na nini.

"Ikiwa ni shaba, si ya mume wangu," alisema. "Ikiwa ni fedha, ni yake, na kesho tunazika."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Bwire, sonara mwenye duka, alikuwa ameenda Malaba kumwona mteja, akaniachia funguo. Nilikuwa nimefanya kazi kwake miezi minane hapo Busia, nyuma ya wale wanaobadilisha pesa, nikipima punje za dhahabu ambazo wachimbaji wa Samia huleta zimefungwa kwenye karatasi za sigara. Nina digrii ya kemia. Nilikuwa nimeomba kazi katika maabara kadhaa, na bado niliamini barua ingekuja.

Nilimletea mama huyo kiti. Alinieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuwaeleza wengi.

Mumewe aliitwa Okwara. Kazi yake ilikuwa kuandika majina kwenye shimo la dhahabu juu ya kilima, kule Funyula. Kila mchimbaji aliyeshuka aliandikwa, na aliyepanda alipigiwa mstari. Siku moja, miaka kumi na saba iliyopita, maji yalipasua ukuta wa shimo. Wachimbaji wote walitoka. Walipokikagua kitabu, kila jina lilikuwa na mstari wake. Aliyekosekana ni mwandishi mwenyewe, na jina lake halikuwa limeandikwa popote. Mmoja alisema alimwona akishuka kuwaita wenzake. Mwingine aliapa kwamba alimwona jioni hiyo hiyo akivuka kwenda Uganda. Rosebella alikaa kati ya maneno hayo mawili muda wote huo, si mke, si mjane.

Sasa wachimbaji wapya walikuwa wameleta pampu na kuyatoa maji. Hawakukuta mfupa wala kiatu. Walikuta kalamu ya wino, imechomekwa kwenye ufa wa mwamba, klipu ikiwa nje, kama vile mtu anavyoichomeka mfukoni mwa shati.

Shemeji yake, Robinson, alisema hiyo yatosha. Kwao Wasamia, mtu aliyepotea akijulikana kuwa amekufa na mwili haupo, huzikwa shina la mgomba mahali pake. Lakini Rosebella alikataa kuzika kwa kubahatisha. Kalamu za aina ile zilikuwa nyingi wakati huo, dhahabu juu ya shaba, makarani wa mpakani walizipenda. Ya Okwara peke yake ilikuwa ya fedha. Alipewa na padre aliyekuwa akirudi kwao, naye akaipeleka kwa sonara ipakwe dhahabu, kwa sababu fedha ilikuwa ikimchafua vidole. Rosebella hakukumbuka ni sonara gani.

Niliichukua kwa kitambaa. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Nilifungua simu nikaona watu wanaokusanya kalamu kama hizo, wanavyogombania moja isiyo na mkwaruzo. Nikamtazama mama yule, viganja vyake vimepasuka kwa jembe, nikafikiri kwamba kitu hiki, chochote kitakachoonekana, asikipokee kikiwa kimejeruhiwa na mimi. Kwa hiyo sikugusa mwili wa kalamu. Nilikwaruza kidogo upande wa ndani wa klipu, mahali ambapo jicho halifiki, nikadondosha tone la asidi.

Likachemka kijani. Kijani ni shaba. Hakuna ubishi hapo.

Nilimwambia. Nilifurahi kumwambia. Hakupiga kelele. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, kisha akampigia Robinson simu na kuiweka juu ya kaunta ili nami nisikie.

"Shemeji, kaburi tumeshalichimba," Robinson alisema. "Tumemaliza sasa hivi."

Nikaona uso wa Rosebella ukibadilika. Mimi ni Mteso wa Amagoro, mila hiyo sikuijua, ikabidi anifafanulie. Kaburi likishachimbwa halirudishiwi udongo mtupu. Likikosa mtu liliyeahidiwa, humtafuta mwingine pale pale nyumbani. Robinson alikuwa na uhakika na jibu, kwa hiyo akatangulia kuchimba.

"Basi wazike huo mgomba," Rosebella alisema akiinuka. "Lakini si Okwara." Akaniachia kalamu. Kama si ya mumewe, alisema, hana haja ya kulala nayo nyumba moja.

Bwire alirudi saa nane. Aliiona kalamu kabla hajavua kofia, akasimama.

"Hii imetoka wapi?"

Nikamweleza. Akaivuta klipu kwa ukucha, akaona tone langu lilipokula, akatikisa kichwa.

"Msomi," alisema, "umepima kifungo ukatuambia habari za shati."

Alikuwa yeye. Yeye ndiye aliyeipaka dhahabu, miaka miwili kabla ya Okwara kupotea. Klipu ya asili ilikuwa imevunjika, akamtengenezea nyingine ya shaba na kuipaka dhahabu ile ile ifanane. Nilikuwa nimempa mtu matumaini kutoka mahali pasipofika hata sentimita moja.

Tukakaa chini ya taa, tukaipima upya. Safari hii hatukuhitaji kukwaruza. Karibu na nibu dhahabu ilikuwa imekwisha yenyewe, katika madoa matatu: moja pana la kidole gumba, mawili membamba ya vidole vingine. Nikadondosha asidi pembeni mwa doa. Ikageuka nyeupe kama maziwa. Fedha.

Nilitaka kuondoka wakati ule ule kwenda kumtafuta yule mama. Bwire hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameileta kalamu karibu na lenzi, na pumzi yake ilikuwa imebadilika.

"Hebu nitazamie rangi," alisema.

Nikatazama. Ndani ya madoa yale fedha iling'aa kama jino. Hapo ndipo nami nilielewa, maana jambo hili nilifundishwa darasani na nililiona kila siku dukani. Fedha ikikaa kwenye tope huwa nyeusi kama tako la sufuria. Ile haikuwa na weusi hata wa uzi. Fedha hubaki nyeupe hivyo ikiwa tu inasuguliwa na ngozi, leo, kesho, na keshokutwa.

"Labda wachimbaji waliisugua," nilisema.

"Wangesugua yote. Hapa kwenye shingo tope bado lipo." Akaiweka chini. "Na kuna jingine. Niliipaka nene, alinilipia nene. Dhahabu haichakazwi na maji, inachakazwa na mkono. Miaka miwili ya kuandika majina ingeondoa kivuli tu. Hii hapa ni miaka kumi na tano, labda zaidi, ya mtu anayeandika kutwa."

Nje, madereva wa malori walikuwa wakipigiana honi. Mimi na Bwire tulitazama ile kalamu kama watu wawili wanaosikia hatua kwenye chumba wanachojua ni kitupu. Kule shimoni, chini ya maji kwa miaka kumi na saba, hakukuwa na mkono wa mtu.

Mwishowe aliniambia nimpelekee mama jibu moja tu, fedha, na nifunge mdomo. "Sisi tunapima rangi," alisema. "Hatupimi watu."

Simu ya Rosebella haikupatikana jioni ile. Nilifika kwake Jumamosi kabla ya saa nne. Watu walikuwa wameanza kukaa. Kando ya kaburi shina la mgomba lilikuwa limelazwa kwenye jamvi, limevishwa shati, na wachimba kaburi wawili walikuwa wakinywa chai. Mmoja alikuwa akisema kwamba huyu ndiye maiti bora aliyewahi kumchimbia, hana mashemeji wa kulalamika kuhusu sukari. Robinson alimkazia macho akanyamaza.

Nilimkuta Rosebella nyuma ya jiko akiosha vikombe. Nilipiga magoti, nikamwomba msamaha, nikamwambia kosa langu lote, klipu na kila kitu. Kalamu ni ya Okwara.

Hakulia. Aliifuta mikono, akaipokea kalamu, akaigeuza mpaka madoa yale yakawa juu.

"Na hapa?"

Nilikumbuka agizo la Bwire. Pia nilikumbuka kwamba mara ya kwanza nilichagua kwa niaba yake mahali pa kutazama, nikidhani ni huruma. Nikamwambia. Kwamba fedha ni nyeupe mno. Kwamba kuna mkono ulioishika kila siku, karibu mpaka juzi, na sijui ni wa nani, na kemia niliyosoma haijui.

Akaweka kidole gumba chake juu ya doa. Doa lilikuwa kubwa kuliko kidole.

"Alikuwa akiishika chini kabisa, karibu na nibu," alisema. "Nilikuwa namcheka, namwambia, baba, utaandika kwa ukucha." Akaichomeka kalamu kwenye kitambaa cha kiunoni. "Asante, mwanangu. Twende."

Sikujua alikuwa ameamua nini. Nadhani hata yeye hakujua. Kama Okwara alikuwa hai, wangekuwa wakimzika mtu hai. Kama alikuwa amekufa, kulikuwa na kitu ambacho kufa hakutoshi kukieleza. Na Rosebella ndiye angerudi katika nyumba ile jioni kuishi na jibu.

Mgomba ulishushwa. Mzee wa kanisa alisoma kwa ufupi, akijikwaa, maana hakupenda mazishi ya namna ile. Kisha Robinson akaja ukingoni. Katika ukoo wao ndugu wa marehemu humwita kwa jina mara tatu, ili roho iliyo mbali ifuate sauti na kuingia katika shina. Kila mtu hufunzwa kunyamaza wakati huo. Hakuna anayejibu.

"Okwara," aliita.

Upepo ulipita kwenye mihogo.

"Okwara."

Nilimtazama Rosebella. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa.

"Okwara."

"Naam."

Haikuwa sauti kubwa. Haikutoka kaburini, wala haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kazini, asiyetaka kuinua kichwa, anayeitwa nyumbani kula. Ilitoka nyuma yetu, upande wa njia.

Robinson aliwatazama wachimba kaburi. Wachimba kaburi wakatazamana. Mzee wa kanisa alikuwa amefumba macho na hakuyafumbua. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu anayegeuka amekubali kwamba amesikia. Sepetu zikaanza kufanya kazi, haraka, udongo ukianguka juu ya shati lile kwa vishindo, na mtu mmoja akaanzisha wimbo katikati badala ya mwanzo.

Rosebella peke yake aligeuka. Akawapita watu, wakimpisha, akashika njia ya kwenda langoni bila haraka. Nilimfuata. Niliogopa angeanguka. Mgongoni kwetu walikuwa wakifukia kana kwamba mvua inakuja.

Langoni hapakuwa na mtu. Njia ilikuwa tupu mpaka kona, jua limeipiga nyeupe, na hakukuwa na vumbi la aliyetoka kupita. Nilitaka kumshika mkono. Nilitaka kusema kwamba labda ni jirani, kwamba labda ni mwangwi.

Alifungua lango lote. Kisha akasogea pembeni, akibana nguo yake, kama mke anavyompisha mtu mlangoni.

Nami, sijui kwa nini, nikasogea pia.