Ukimfuata Bintiyo Kambini, Funga Mdomo

Mama mwenzangu, kama una binti anayelea watoto kwenye kambi za likizo na unataka arudi nyumbani, usimfuate mwenyewe. Mtume mjomba wake. Mimi nilikwenda, na yaliyonipata nakuandikia usije ukasema hukuambiwa.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya Azimio. Costancia wangu alichukuliwa kambi ya Mikumi, likizo ya mwezi wa sita. Watoto wa shule za Kilosa walilala kwenye mahema, wakajifunza bustani na ngonjera, na wasichana kama yeye wakawaogesha na kuwalaza. Mimi usingizi ulinikimbia. Mikumi kuna simba jamani. Basi aliponiletea salamu kwamba walezi wanaondoka mmoja mmoja, naye amechoka, anataka kurudi, nilimshukuru Mungu. Nikashuka kutoka kwetu milimani Vidunda na kikapu cha ndizi, nikapata lori pale Kidodi.

Nilimkuta amekwisha funga furushi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Twende."

Lakini Ndugu Vitalis, mkuu wa kambi, kijana mgeni huku kwetu, alinifuata uso umemshuka. "Mama, ukimchukua huyu nabaki na walezi wawili tu. Itabidi niwarudishe watoto kwao, kambi ife. Chakula nawapa, siku ya kupumzika nawapa. Sijui wanataka nini!"

Nilimhurumia, ila mtoto ni wangu. Nikainama nichukue kikapu changu. Hakipo.

Kumbe kiko jikoni, mapajani mwa Mwamvua, mpishi wa kutoka Mvumi bondeni, na ndizi ya kwanza iko mdomoni.

"Ndizi gani hizi," anasema, "ngumu kama magoti ya mwenyewe!"

"Weka chini, mwizi wewe! Nyie wa bondeni mnakula mpaka mbegu, halafu mnapanda kwetu kuomba!"

"Kwenu kuna nini? Watu mnalima mmejifunga kamba msije mkaviringika!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Watoto wakaja mbio. Costancia, aliyenuna tangu nifike, alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Ndipo Ndugu Vitalis akaingia. "Mama Mwamvua! Sikusema matusi marufuku? Na sasa wizi! Leo unaondoka!"

Hapo ningefunga mdomo, mama mwenzangu. Sikufunga.

"Ndugu, huyu ni mtani wangu. Ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu. Siku akiacha kunitukana nitajua amenichukia."

"Watani?" Akashika kichwa. "Mimi nilidhani wanagombana! Nikawatenga. Wa milimani wakae mahemani, wa bondeni jikoni, na wakati wa kazi asisemeshwe mtu."

"Kwani kwenu hakuna utani?"

"Upo! Ila wa hawa sikuujua."

"Sasa watakaaje? Kutwa maji, kuni, watoto wa watu wanalia, na hata wa kumcheka hawana?"

Akatangaza mbele ya wote kwamba amri ile imekufa, na kuanzia chakula cha mchana huo walezi wote, wa milimani na wa bondeni, watapika pamoja. Akamgeukia mpishi. "Nisamehe, mama. Na mimi hapa mtani wangu nani?"

"Huna," akajibu Mwamvua. "Ndiyo maana umekauka hivyo."

Hata watoto waliangua kicheko. Nikageuka nimwambie binti yangu twende. Furushi limefunguliwa, kanga iko kiunoni, anapepeta mchele na kuwatania wa bondeni.

"Costancia, lori linaondoka."

"Safari njema, mama. Wasalimie nyumbani."

"Si ulisema umechoka?"

"Nilichoka kununa. Na Desemba nitakuja tena, nimekwisha mwambia Ndugu Vitalis."

Nikamtazama huyo Vitalis, anavyonichekea kwa shukrani. Nilikuwa na maneno mazito ya kumpa. Lakini mimi na yeye si watani, nikapanda lori.