Kompyuta Iliyovikwa Maua

Kifuniko cha sufuria ya maziwa kilikuwa kikigongagonga jikoni, nje bado giza, simu ya Poongodi ilipoita. Alikuwa Thangavel, bosi wake.

"Tovuti ya hospitali ya macho inasuasua. Irekebishe sasa hivi."

"Nakuja ofisini, bosi. Nitatumia kompyuta mpya."

"Umesahau leo ni sikukuu ya zana, siku ya kuzibariki na kuzipumzisha zana za kazi? Nimeshaivika maua na kuipaka msandali. Hakuna wa kuigusa mpaka kesho asubuhi. Tumia hiyo ya nyumbani."

"Ya nyumbani ni toleo la zamani, bosi. Seva tuliipandisha toleo jipya mwezi uliopita. Nikiingia kwa hii itaandika mipangilio kizamani, na seva haitaielewa."

"Unaogopa kompyuta kama mtoto anavyoogopa sindano. Fanya, lawama juu yangu."

Poongodi alikuwa kwenye kipindi cha majaribio; zilikuwa zimebaki siku nne tu aajiriwe moja kwa moja. Akaepua maziwa, akafanya alivyoambiwa. Kabla jua halijachomoza tovuti nzima ilikuwa imezimika, na miadi yote ya upasuaji haionekani.

Alikwenda ofisini mbiombio. Kompyuta mpya ilikuwa juu ya meza ya ibada, ina doa jekundu la baraka kwenye kioo, katikati ya bisibisi na mikasi. Nakala ya mipangilio ilikuwa humo ndani.

"Dakika kumi tu, bosi. Nitairudisha."

"Uguse kitu kitakatifu kwa uzembe wako?"

"Lakini wewe ndiye uliyeniambia."

"Nani alisikia?" Thangavel aliwageukia wafanyakazi waliokuja kwa ibada. Mmoja alicheka. Wengine waliinamia dengu za sadaka walizokuwa wakila. "Kaa hapo uandike hatua za kurekebisha. Andika vizuri, mtu mwingine apate kuzisoma."

Aliandika kurasa mbili. Hospitalini, wazee waliosafiri kutoka vijijini walirudishwa, wameshinda njaa bure kwa ajili ya upasuaji.

Kesho yake, mbele ya wote, Thangavel alizifuata zile kurasa mstari kwa mstari. Tovuti ikafunguka. Kisha akamvua Poongodi kitambulisho shingoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Nyumbani kuna kazi za kukufaa," alisema. "Chemsha maziwa."

Mariyayi, mama mfagiaji, alimkuta ngazini. Alimshika mkono, akampeleka chumbani kwake nyuma ya jengo, akampa wali na rasamu, mchuzi mwepesi wa ukwaju, ya moto, na kipande cha samaki alichokuwa amejiwekea mwenyewe.

"Ningesema nilikusikia ukiongea naye kwenye simu," alisema mama, "lakini sikuwepo, binti. Kudanganya siwezi."

"Najua, mama."

Poongodi alikula mpaka akamaliza. Alipoinuka, Mariyayi alimfungia ndizi mbili kwenye gazeti.

"Jumapili huwa niko peke yangu," alisema. "Njoo tena, binti. Hata kama hujapata kazi, njoo."