Kofia ya Ndege Wekundu

Ngusa alibakiwa na siku nne. Jumamosi wazee wangekaa nyumbani kwa mkwe wake, Mzee Makoye, kijijini Maganzo, kuvunja ndoa yake na Hosiana, na yeye kule machimboni Nyarugusu hakuwa na neno jipya la kumwambia mkewe. Mara tatu alikuwa ameapa kwamba anaacha kushuka duarani, kwenye shimo la wachimba dhahabu. Mara tatu akashuka. Mara ya mwisho udongo ulimfukia mpaka kiunoni. Hosiana alisubiri atolewe, akamwona mzima, akambeba mtoto wao Loveness, akaondoka.

Basi Ngusa akaamua kufuma kofia.

Kufuma alijifunza alipolazwa miezi mitano kwa mguu uliovunjika, akifundishwa na mzee wa kitanda cha jirani. Sindano zake zilikuwa spoku nne za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe. Nyuzi alizipata kwa kufumua sweta mbili za mtumba, moja nyeupe na moja nyekundu.

Kofia yenyewe aliitoa kwenye filamu. Yeye na Hosiana waliiona kwenye banda la video siku walipoanza kupendana, wakairudia mpaka diski ikakwaruzika. Mwanamke mwenye kofia nyeupe yenye ndege wekundu anapanda treni kwenye theluji, mwanaume anabaki stesheni. Lugha yake hakuna aliyeijua. Bartholomeo, mwenye banda, ndiye aliyekuwa akitafsiri kwenye maiki: "Anamwambia, nisubiri mpenzi! Ndege hawa wakirudi, na mimi narudi!" Banda zima lilikuwa likipiga makofi.

Ngusa akachora ndege kwenye daftari la hesabu, kila kiboksi kitanzi kimoja. Ndege wa kwanza alitoka kama kuku. Wa pili alipendeza, ila alikula viboksi kumi na kimoja, na kofia ilikuwa na vitanzi tisini na sita. Wa mwisho angekatwa mkia. Akawaongezea wote kiboksi kimoja cha nafasi, wakaenea wanane kamili.

Alifuma mchana, mdomoni mwa duara, akisubiri zamu yake.

"Bibi harusi, umefika wapi?" Herman, mwenzake wa zamu, alimcheka.

"Niache."

"Mwanamke harudishwi na sufu, kaka. Futi mbili tu tuugonge mwamba wa dhahabu, wewe unacheza na uzi. Jumatatu utashuka, hutashuka?"

"Nitashuka," Ngusa alijibu bila kuinua macho.

Ukifuma rangi mbili, uzi usiofanya kazi unapita kwa nyuma, na inabidi uulegeze. Ngusa aliuvuta. Mikono yake ilizoea kamba ya duara, ambayo ukiilegeza unaua mtu. Alhamisi aliona kofia imejikunja kama tambi. Kuifumua kungemmalizia siku. Akajiambia sufu hutanuka, akaendelea.

Jumamosi asubuhi akafika Maganzo. Akawaamkia wazee, Mzee Makoye akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akamwonyesha kwa kidevu: mkewe yuko jikoni.

Hosiana aliishika kofia, akaigeuza ndani nje, akazipapasa nyuzi za nyuma.

"Umefuma mwenyewe, Baba Loveness?"

"Mwenyewe. Ndege hawa wanakukumbusha ile filamu?"

Akaijaribu. Ilikwama juu ya masikio. "Nani kakuambia nina kichwa cha mbuzi?" Akacheka kidogo, na Ngusa akapata matumaini.

"Ndege wakirudi, na yeye anarudi," alisema haraka. "Si unakumbuka?"

"Hakurudi."

"Bartholomeo alisema—"

"Bartholomeo alikuwa anaogopa watu wakijua hakurudi watadai hela zao. Hata yeye lugha ile hakuijua. Wewe ulikuwa unamsikiliza Bartholomeo, mimi nilikuwa namwangalia yule mwanamke. Alipanda treni, akakaa, akavua kofia, akaiacha kwenye kiti. Hakugeuka hata mara moja. Tumeiona mara ngapi ile filamu?"

Hosiana akaivua kofia taratibu.

"Twende kwa wazee. Wakikuuliza kama duara umeacha, ukisema umeacha nitapanda basi na wewe leo hii. Sitauliza tena."

Walikaa. Mzee Makoye hakuzunguka. "Mkwe, duara umeacha?"

Jibu lilikuwa neno moja, na wangeliamini. Ngusa alilifungulia mdomo. Akaziona zile futi mbili. Akamwona Herman akigonga mwamba Jumatatu bila yeye. Akageuka, akakuta Hosiana anaangalia mdomo wake kama mtu asiyesikia, anayesubiri kuona tu.

"Sijaacha, baba," alisema. "Jumatatu ni zamu yangu."

Hakuna aliyefoka. Hosiana aliinua kichwa, macho yamejaa maji, akamwambia, "Leo umesema kweli." Kisha akaingia ndani kwa Loveness.

Boaz, kaka yake Hosiana, akaenda zizini. Ng'ombe wa mahari walitoka mmoja mmoja, wakasimama uani wakimtazama Ngusa, mtu aliyekuja kwa basi, na Mzee Makoye akamkabidhi fimbo ya kuwaswagia mpaka Nyarugusu.