Matofali Sita Kila Mguu

"Safari hii sitaki manne, Khoza. Weka sita kila mguu," alisema MaNgidi, mikono kiunoni, kabla hata sijafungua boksi la kitanda.

Hapa Madadeni kitanda husimama juu ya matofali, na vingi nimevisimamisha mimi. Duka la mjini linauza vitanda, mimi naviunganisha majumbani. Matofali ni ya kumzuia tokoloshi, yule jini wa kichawi, mfupi wa kufika magotini, ashindwe kupanda. Mimi mwenyewe huu ni mwaka wa tatu nalaza godoro sakafuni, na majirani wanacheka, eti nimemuoa tokoloshi. Wacheke tu.

Kitanda cha siku ile kilikuwa cha mtoto, cha mbao, chenye kingo pande zote. Nilikichagua mwenyewe. Nilijaribu kupenyeza vidole viwili kati ya godoro na ubao, havikupita, ndipo nikaridhika. Dukani walinitania kwamba hata mke sikumchagua hivyo. Ni kweli, sikumchagua hivyo.

Nokulunga, mke wa mtoto wa MaNgidi, alikuwa amempakata bintiye Anele, wa miezi minane.

"Sita ni mengi, Mama," nilisema. "Kitayumba."

"Na manne yalimsaidia nini Lwandle?"

Lwandle alikuwa mtoto wa kwanza wa Nokulunga. Nilikipandisha kitanda cha mama yake juu ya matofali manne kila mguu. MaNgidi alikuwa ameyavisha matofali vitambaa vya maua, yapendeze, na sakafu ameisugua kwa nta nyekundu mpaka unajiona meno. Niliona yanateleza. Nikanyamaza, maana nyumba ya mtu huikosoi. Asubuhi moja mtoto akakutwa kati ya godoro na ukuta, ameshapoa. Kitanda kilikuwa kimesogea kiasi cha kiganja.

Waombolezaji walitazama juu wakaimba. Mimi nilitazama chini, nikauona mkwaruzo mweupe wa tofali kwenye nta. Nikasimama juu yake. Wimbo ulipopanda, nikaufuta kwa soli ya kiatu.

Tangu siku hiyo nalisikia tofali likikwaruza saruji. Mchana kweupe, nikila, nikiongea na watu. Nageuka, hakuna kitu.

Lakini tokoloshi haji bila kutumwa, kwa hiyo akatafutwa aliyemtuma. Wakampata MaZwane, mama yake Nokulunga, mjane wa Osizweni, aliyekuwa amelala humu siku moja kabla. Akafukuzwa kwa mawe. Mpaka leo hajawahi kumpakata Anele.

"Mbona umeduwaa?" MaNgidi aliniuliza. "Au yule mkeo mfupi kakukataza?"

Nikaanza mguu wa kwanza. Sakafu ilikuwa inang'aa kama zamani, na matofali yana vitambaa vipya. Nilipoweka la tatu, yakateleza yote, yakakwaruza. Sauti ile ile. Nikadhani nimeisikia peke yangu, mpaka nilipomwona Anele amegeuza kichwa, anatazama sakafu.

Nikayarudisha matofali kwenye rundo.

"Siweki," nikasema.

"Huweki nini?"

"Hata moja. Lwandle hakuuawa na tokoloshi. Kitanda kiliteleza. Mkwaruzo niliuona siku ya msiba, nikaufuta."

MaNgidi alikaa juu ya rundo la matofali. "Vitambaa nilishona mimi," alisema taratibu. "Nta nilipaka mimi."

Nokulunga alikuwa ananitazama, na nilitamani anipige.

"Ulifuta kwa nini, Baba Khoza?"

"Kwa woga."

"Nauliza kwa kitu gani."

"Kwa kiatu."

"Na mama yangu alipopigwa mawe pale getini, wewe ulikuwa wapi?"

"Pale pale getini."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei. Akamweka Anele mapajani mwa MaNgidi, akaninyooshea kidole: "Toa matofali yote nje. Kitanda kikae chini." Niliyatoa, mawili mawili, wao wakinitazama. Kisha nikafunga kitanda, nikakaza kila skrubu, nikakitikisa. Hakikusogea.

Niliposimama, Nokulunga alikuwa ameshika simu, ameipandisha sauti.

"Utamwambia mwenyewe," alisema.

Simu iliita muda mrefu. Nyumba hii ilikuwa haijampigia MaZwane tangu alipofukuzwa, hata Anele alipozaliwa alisikia kwa watu. Hatimaye ikapokelewa, na hakukuwa na salamu. Kulikuwa na pumzi za mama mzee, halafu sauti ndogo ya kutetemeka:

"Mwanangu, na huyu naye amekufa?"

MaNgidi alimkumbatia mtoto akaanza kulia. Nokulunga alinisogezea simu mpaka ikanigusa mdomo.

"Yuko hai, Mama," nikasema. "Mimi ni Khoza, fundi wa vitanda. Usikate simu, nakuomba."