Babu Ogle Aja Kutoa Ushahidi

Weris na Kasyoka walifika pamoja kwenye ofisi ya vitambulisho mjini Garissa. Walikuwa wamekaa dawati moja sekondari nzima, na sasa wote wawili walitaka kitambulisho ili chuo cha uuguzi kiwapokee Jumatatu. Kasyoka, binti wa mwalimu kutoka Kitui, aliingia, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, akatoka kwenda kununua maandazi. Weris akaonyeshwa benchi.

Afisa Mwiti alikuwa mpole, haki yake apewe. Redio yake ilikuwa na mtaalamu aliyeeleza jinsi watu walivyostaarabika: chuki imepungua, damu haimwagiki ovyo kama zamani. Mwiti aliafiki. Alimwambia Weris kuwa mambo ya msasa, ule mchujo wa Wasomali kuthibitisha kama ni Wakenya, yalishafutwa, siku hizi ni maswali mawili matatu tu. Hebu amtajie babu zake.

Weris alichoka kabla hajaanza. Akataja nasaba yake kama mamake alivyomkaririsha tangu utotoni: babake Bulle, babu Ogle, Dagane, akaendelea kupanda. Wote walikuwa marehemu. Kila aliyetajwa aliingia, akatoa salamu, akaketi. Benchi lilipojaa, waliobaki wakakaa sakafuni, na Mwiti akafungua dirisha kwa sababu ya vumbi.

Babu Ogle alikuwa na tundu la risasi kwenye shati, upande wa kifua. Mwiti akamwomba kitambulisho. Ogle akajibu kwamba askari walikichukua siku ya msako, pale uwanjani wanaume wote wa mtaa walipokusanywa na kuamriwa kuchuchumaa, naye hakurudi tena nyumbani.

"Pole sana, mzee. Hayo ni ya zamani," Mwiti alisema. "Ila ushahidi wa marehemu haukubaliki. Binti alete mzee aliye hai, mwezi ujao. Kwa sasa subirini nje mpewe tarehe."

Mwezi ujao! Weris alitaka kulia, akakosa hata nguvu za kulia. Nje, Kasyoka alimpa andazi moja.

Babu Ogle alichuchumaa juani, mikono kisogoni. Wenzake wakajipanga nyuma yake.

"Awowe, inuka," Weris alimwambia babu yake. "Siku hizi hatuchuchumai."

"Nani amesema?"

Mwiti alichungulia dirishani, akawashukuru kwa kukaa kwa utaratibu. Weris akamrudishia Kasyoka andazi lake, akaenda kuchuchumaa mwisho wa mstari.