Laptopu Iliyopanda Mlima

Mulunesh aliambiwa achague, lakini ilikuwa kuchagua kwa jina tu. Mezani kwa Ato Getaneh, mtunza stoo wa ofisi ya ardhi, zilikaa laptopu mbili. Moja nyembamba, inang'aa kama sinia jipya, ya kusomea barua na kutazamia picha za harusi nyumbani. Ya pili nyeusi, nene, kona zake za mpira, ya watu wa kazi. Mulunesh alikuwa mpima mashamba. Akaweka mkono juu ya ile nyeusi.

"Hiyo nzito, dada yangu," Ato Getaneh akaivuta kwake. "Kilo tatu na chaja yake. Na huo mwili wako, utapanda nayo mlima wa Dega Amba? Chukua hii nyepesi, inakupendeza."

"Sijaja kununua gauni, Ato Getaneh. Picha za mashamba ni nzito, hiyo itakwama."

"Laptopu ni laptopu. Weka sahihi hapa."

"Nilipokuwa na miaka kumi nilibeba mtungi wa maji kutoka bondeni kila siku. Mbona hakuna aliyeniuliza mwili?"

Yule bwana alicheka tu, akamsogezea kalamu. Mulunesh akaweka sahihi kwa hasira, akachukua ile nyembamba. Nyeusi ikabaki palepale mezani, Ato Getaneh akiitumia kuchezea karata.

Alhamisi watu wa Dega Amba walikaa kwenye majani mbele ya nyumba ya Emama Zenebech, mjane. Shamba lake la kando ya kijito lilikuwa likilimwa na shemeji yake, Ayalneh, tangu mume alipokufa, naye akidai ni la baba yake. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kumaliza maneno: majirani wote waione ramani pamoja, waweke vidole gumba mbele ya wenzao. Siku hiyo ikipita, kamati ya ardhi inahamia mlima mwingine, na shamba linabaki kwa anayelilima.

Mulunesh akafungua laptopu. Picha ikatokea nusu, mlima bila kijito. Wakangoja. Ile nyembamba ikapata moto mpaka ikamuunguza mapaja, kisha ikazima. Akaiwasha tena, ikazima tena. Mara ya tatu haikuwaka kabisa.

Ayalneh akasimama, akijikung'uta suruali. "Mnaona? Hata mashine imekataa uongo! Twendeni bwana, mavuno ya tefu yanatungoja shambani."

Watu wakacheka, wengine wakaanza kuinuka. Emama Zenebech hakulia. Alimsogelea Mulunesh, akauliza polepole, "Mwanangu, dawa yake ipo?"

"Ipo, mama. Iko mezani kwa mtu, ofisini."

"Basi nenda. Hawa niachie mimi."

Akaingia ndani, akatoka na kikaango na kahawa mbichi. "Hakuna anayetoka kwangu na koo kavu!" akasema kwa sauti. Waliosimama wakakaa. Kule, anayeondoka kabla ya kikombe cha tatu ametukana nyumba, na shemeji ndiye wa kwanza kusemwa. Ayalneh akakaa, tako moja chini na moja juu. Mama wa watu akaanza kukaanga kama anayezijua punje kwa majina.

Mulunesh aliteremka mbio. Ofisini alimkuta Ato Getaneh na karata zake. Hakumsalimu. Akang'oa waya, akafunga ile laptopu nyeusi.

"Wewe! Sahihi je?"

"Ifuate Dega Amba. Huna mzigo, utapanda vizuri."

Akaifunga mgongoni kwa shuka kama mtoto, akapanda. Jasho lilimtoka, lakini uzito haukumuuma. Kilichomuuma ni mtu kukaa kitini akampimia mgongo wake.

Alipofika, kikombe cha tatu kilikuwa kinamiminwa, kahawa imebaki kama maji matupu. Akachomeka flashi yenye picha za mashamba. Picha ikafunguka yote mara moja: kijito, ua, mawe ya mpaka, hata miti aliyopanda marehemu.

"Hilo jiwe nililisimika na mumewe," akasema jirani mmoja mzee. "Shamba ni la huyu mama."

"Mashine ya wanawake hiyo!" Ayalneh akafoka.

"Picha imepigwa kutoka kwenye ndege, bwana. Weka kidole tukavune," yule mzee akamjibu.

Wakaweka mmoja mmoja. Kati ya majirani, Ayalneh akaweka wa mwisho, uso pembeni. Zenebech alipoweka chake, alikikandamiza muda mrefu mpaka wino ukavuja.

Watu walipiga vigelegele. Mulunesh alitaka kufurahi, hasira ikamkatalia. Yaani shamba la mjane limeokolewa na kahawa, na mashine ya kufungua ramani yake ilikuwa inachezewa karata!

"Kwenye ripoti utaandika nini?" mwenyekiti wa kamati akamuuliza.

"Yote," akasema. "Na jina la Ato Getaneh litakuwa la kwanza."